Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utamaduni Zanzibar: wenye picha wasibaki mlangoni

Kwa Wizara yenye dhamana ya utamaduni, Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Baraza la Manispaa, na waandaaji wote wa matamasha mjini Unguja.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mkaazi wa Kikwajuni, mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, mama na bibi wa wajukuu watano. Nakuandikieni kwa sababu ya wahudumu wanne niliowaona wamesimama mlangoni.

Ilikuwa jioni ya filamu na utamaduni wa Asia, katika hoteli moja ya ufukweni. Kadi ya mwaliko aliipata mwanangu, na kwa kuwa iliruhusu watu wawili, akanichukua mimi. Palipambwa vizuri sana. Taa za mafuta zilipangwa kwenye vibakuli vya udongo, asumini zikamwagwa mezani, na kachori zilikuwa za moto. Zikasomwa hotuba, zote kwa Kiingereza. Kisha taa zikapunguzwa, ikaanza picha ya Kihindi ya zamani, ya nyeusi na nyeupe, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Waalikwa waliitazama kwa adabu. Ulipoanza wimbo wa kwanza nikasikia nyuma yangu sauti inaufuata polepole. Nikageuka. Wahudumu wanne, masinia mkononi, walikuwa wamejibanza kwenye mlango wa jikoni, na mmoja wao, mtu mzima wa makamo, anaimba neno kwa neno. Kihindi hakijui, nilimuuliza baadaye. Wimbo anaujua. Aliupokea kwa mama yake, kama mimi nilivyoupokea kwa mama yangu. Msimamizi akaja, akawaambia warudi kazini, na mlango ukafungwa.

Simlaumu msimamizi, maana kazi ni kazi. Lakini nilirudi nyumbani usingizi umenipaa. Imekuwaje, hapa Unguja, wenye picha wakawa nje ya mlango, na wageni wake wakawa ndio walioko vitini?

Nasema wenye picha, na nina maana yangu. Siku hizi nikisikia tangazo la jioni ya utamaduni wa Kihindi, au wiki ya filamu za Asia, naona inatangazwa kama kitu kinacholetwa kutoka mbali ili tukionjeshwe. Mtangazaji anasema "tuwajue wenzetu". Waheshimiwa, picha za Kihindi hapa petu si mgeni wa kujulishwa. Zimekaa mjini humu muda mrefu kuliko redio za majumbani, na kuliko wengi wetu tulio hai.

Niruhusuni nirudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi walioko maofisini leo hawakuyakuta haya. Mwaka 1921 pale Vuga ilifunguliwa sinema ya Royal, jengo alilolichora msanifu majengo wa Kiingereza, Sinclair, yule yule ambaye mkono wake unaonekana katika majengo mengi ya serikali ya enzi ile. Royal ikaja kuungua moto katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 mahali pale pale ikasimama Majestic. Kulikuwa na Empire upande wa sokoni. Kulikuwa na Sultana kule Malindi, ambayo baadaye ikaitwa Cine Afrique. Kumbi tatu, katika mji ambao mtu anaweza kuukata kwa miguu kabla chai haijapoa. Wenye biashara ya kuonyesha picha walikuwa watu wa hapa hapa, familia kama ya Jariwalla, Mabohora waliojua kuwa Mswahili akishapenda kitu atakirudia hata mara saba.

Wala hatukuanza kuijua Bombay kwenye skrini. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipanda meli mwaka 1928 akenda huko kurekodi santuri za taarab. Picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti ilitoka mwaka 1931. Hesabuni wenyewe: sauti ya Fumba ilifika Bombay miaka mitatu kabla picha za Bombay hazijaanza kusema. Tangu hapo nyimbo hazikuacha kwenda na kurudi. Mtunzi atatoka sinema usiku na lahani kichwani, asubuhi ameshaivisha maneno ya Kiswahili, na jioni inapigwa harusini. Mombasa, Juma Bhalo alijijengea jina kubwa kwa lahani za namna hiyo, na sisi huku tulimsikiliza kama wetu. Ukimwambia mtu wa umri wangu kwamba lahani ile ni ya kigeni, atakushangaa.

Sasa nikwambieni habari ya mama yangu, kwa sababu naona nikisema "historia" mnafikiria majengo, na mimi nawafikiria watu waliokaa ndani yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Hakwenda mikutanoni, hakwenda hotelini, na baba hakupenda atoke usiku. Lakini palikuwa na shoo za wanawake peke yao, za mchana. Mama akizungumza habari ya shoo zile uso wake ulikuwa unabadilika. Anamaliza kupika mapema, anajifunga buibui, anampitia shoga yake mlango wa pili, nami nimeshikwa mkono. Mkobani mna bajia zilizofungwa kwenye gazeti. Ndani ya ukumbi, mabuibui yanafunguliwa, na unaona nguo zilizokuwa zimefichwa chini yake, na unasikia harufu ya udi na asumini na mafuta ya nazi kwa pamoja. Wake wa Kihindi walikuwepo, wa Kiarabu, wa Kingazija, wa Kiswahili wa Ng'ambo kama sisi. Sitasema kwamba walikuwa sawa. Tiketi za juu zilikuwa za wenye nacho, na kila mtu alijua anakaa wapi. Ila Nargis, nyota wa picha za Kihindi, alipolia, ukumbi mzima ulitoa leso.

Shoga wa mama alikuwa amelelewa jirani na nyumba ya Wakachi, Wahindi wenye asili ya Kachi, akiyajua maneno yao mawili matatu na zaidi. Yeye ndiye alikuwa mkalimani. Anatafsiri kwa sauti ya chini, na safu nzima inamwinamia. Asipoelewa anabuni, na tulikuja kugundua baadaye kwamba alibuni mengi. Wiki ile ile wateja walikuja nyumbani na vitambaa: nishonee mikono kama ya Nargis, nipigie shingo kama ya yule dada wa kwenye picha ya Raj Kapoor. Mama alishona kwa kumbukumbu, bila mchoro wala gazeti. Mimi nimesomeshwa kwa mikono ile.

Halafu kulikuwa na mazungumzo barazani. Naomba mlitie hili maanani, kwa sababu nadhani ndilo lililozifanya picha za Kihindi zitukae moyoni kuliko za Kimarekani. Picha zile zilituuliza maswali yetu wenyewe. Kijana amempenda asiyetakiwa na baba yake, nani ashuke, mtoto au mzazi? Mjane anafukuzwa na wakwe, mlango gani umfungulie? Ndugu wawili, mmoja askari na mmoja mwizi, mama asimame upande gani? Haya yalikuwa mambo ya Miembeni na Malindi na Mkunazini. Wanaume waliyabishania kwenye baraza za kahawa wiki nzima, na wanawake wakayapitia upya kwenye ngazi wakichambua mchele. Watu ambao wasingethubutu kulitaja jambo la nyumbani kwao walilitaja kwa jina la picha.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, alifanya kazi ya kubeba mikanda. Alinihadithia kwamba kuna siku picha moja ilionyeshwa kumbi mbili kwa usiku mmoja, na kopi ni moja. Mkanda wa kwanza ukimalizika huku, yeye anaufunga kwenye baiskeli na kuukimbiza kule, anarudi kuchukua wa pili. Tairi likipasuka, watu mia kadhaa wanakaa gizani wanapiga mbinja. Alikuwa akilihadithia hili kwa fahari kama nahodha aliyevuka tufani. Alifariki hajahojiwa na mtu. Hakuna aliyekuja na kinasa sauti. Wako wengine bado, waliokata tiketi, waliochora mabango, waliosimama mlangoni, na kila mwaka tunazika mmoja.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 Wahindi wengi waliondoka. Hilo tunalijua, na lina machungu yake ambayo barua moja haiyatoshi. Lakini angalieni jambo moja: watu waliondoka, picha zao zikabaki, na kumbi hazikuwa tupu. Nani alikuwa anazijaza? Ni sisi. Nilipokuwa msichana katika miaka ya 1970, siku ya Idd ukichelewa hupati tiketi ila kwa walanguzi. Tunatoka kiwanjani na pesa zetu za sikukuu zimefungwa kwenye ncha ya leso, tunakwenda moja kwa moja kupanga foleni. Ukumbi umejaa, mpaka wengine wamekaa chini kwenye njia, na ngoma zikilia kwenye skrini watoto wanacheza pale pale walipo. Hapo Mhindi katika ukumbi unamtafuta kwa tochi. Kama si urithi wetu huo, ni wa nani?

Kisha ikaja televisheni ya rangi, ambayo Zanzibar tuliipata mapema kuliko majirani zetu wote, ikaja mikanda ya video, na kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine. Siililii televisheni. Picha ziliingia majumbani, ni kweli, na mama yangu uzeeni aliziangalia akiwa kitandani. Ila alikuwa akiangalia peke yake, na mwisho wa picha ananipigia simu kunihadithia, kwa sababu hapakuwa na mtu ubavuni wa kumwambia.

Wajukuu zangu nao wana picha zao za Asia. Mkubwa anafuata tamthilia za Kikorea kwenye simu, visikizi masikioni, bando la mama yake linateketea. Wa pili ni za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mdogo ananiimbia nyimbo za katuni za Kijapani ambazo sizielewi hata kidogo. Basi mapenzi hayajafa. Niliwahi kumuuliza yule mkubwa, kwani shoga zako nao wanaitazama hiyo? Akasema wote. Nikamuuliza, mmewahi kuitazama pamoja? Akaniangalia kama nimemuuliza kama wanaoga pamoja.

Kwa hiyo mwaka jana mimi na majirani tukajaribu. Tulikuwa tumepata projekta ya kuazima na spika za madrasa, na ukuta mweupe tunao, wa nyumba ya jirani unaotazama kiwanja. Tulitaka jioni moja, bila kiingilio, karibu na siku za Diwali, kwa sababu mama mmoja wa Kihindu kutoka Mji Mkongwe, rafiki yangu wa tangu skuli, alisema atapika vitu vitamu vya siku hiyo alete. Tukaona tufuate utaratibu, tuombe kibali. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili. Ya pili ikataka barua ya sheha, na tulipoleta ikataka barua ya ofisi ya kwanza. Tukaulizwa jina la kampuni yetu, na sisi ni kina mama wa mtaa hatuna kampuni. Tukatajiwa ada ambayo sitaitaja, ila ni sawa na ile anayotozwa mwenye biashara. Nilikwenda mara sita. Nasema haya bila hasira na mtu yeyote, kwa sababu kila niliyemkuta alinipokea kwa heshima na kuniita Mwalimu, na wawili kati yao niliwafundisha. Tatizo halikuwa watu. Utaratibu wenyewe unajua aina mbili tu za mwombaji, hoteli na tamasha kubwa, na mtaa haumo.

Mwisho tulipeleka projekta ndani, uani kwangu, tukatundika shuka. Tulikaa tulivyoenea. Mpwa wangu alishika kipaza sauti akawa anatafsiri papo kwa papo, na alikuwa hodari kuliko yule shoga wa mama. Walikuja bibi wawili ambao hawajaingia sinema tangu Empire. Walikuja mke na mume kutoka India, ambao tulijuana nao sokoni. Mume anafanya kazi chuo kile cha IIT Madras kilichofunguliwa Bweleo mwaka 2023. Yule mke alikaa katikati ya wale bibi wawili. Wimbo ulipoanza wakauimba wote watatu, yeye kwa kuujua na wao kwa kuukumbuka, na yeye akaanza kulia. Aliniambia tangu afike Zanzibar amealikwa kwenye hafla nyingi za utamaduni wa kwao, na zote alikuwa amekaa na Wahindi wenzake na mabalozi. Hakuwa amejua kwamba nyimbo za bibi yake zina wajukuu Kikwajuni.

Bweleo na Fumba ni jirani. Siti alitoka pale kwenda kwao, na sasa wao wamekuja kukaa pale. Sijui kama mna bahati gani nyingine ya kuwakutanisha watu iliyo rahisi kuliko hii.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba.

La kwanza na kubwa ni Majestic. Jengo liko pale Vuga, limechoka, na najua wapo watu wenye moyo ambao kwa miaka wamesimama kulitetea na kutaka likarabatiwe. Nawaunga mkono. Tarehe 25 Disemba 2020 tuliliona Beit al Ajaib likiporomoka mchana kweupe na roho za watu zikapotea, na hakuna anayehitaji kuelezwa jengo likisubiri sana linamalizikia wapi. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Majestic ni sehemu ya mji huo. Ombi langu ni kuhusu kitakachofanywa baada ya rangi kukauka. Ukumbi ubakie ukumbi. Usigeuzwe duka la vinyago, wala mkahawa wenye picha za zamani ukutani ukiitwa "kumbukumbu ya sinema". Na tiketi ya mwananchi isizidi bei ya bakuli la urojo, kwa siku angalau mbili za wiki. Mpango wowote wa jengo lile usomwe hadharani, kwa Kiswahili, kwenye kiwanja ambacho hata muuza kahawa anaweza kuinuka akauliza.

Na shoo ya wanawake irudi. Mara moja kwa wiki, alasiri, watoto waruhusiwe. Najua mtu atasema mambo hayo yamepitwa, wanawake siku hizi huenda popote. Wengine ndiyo, na alhamdulillahi. Wengine bado hawaendi tamasha la usiku Ngome Kongwe lenye pombe na muziki mpaka saa sita, na hawatakwenda. Hao ni wengi mtaani kwangu, na wao ndio wenye picha hizi kuliko mtu yeyote. Huwezi ukasema umeufungulia umma mlango ikiwa saa na mahali ulipochagua vimeshawafungia nusu yake.

Kuhusu lugha: picha ya Asia ikionyeshwa Unguja kwa maandishi ya Kiingereza, mtazamaji wa Kiswahili anahesabiwa mpita njia. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ipo. Chuo Kikuu cha Taifa kipo, na kinafundisha Kiswahili kwa wageni kutoka dunia nzima. Wanafunzi wa lugha wapewe kazi ya kuandika tafsiri za filamu, walipwe kidogo, majina yao yaandikwe mwisho wa picha. Tafsiri ya filamu ni fani: mstari lazima uwe mfupi, usomeke kabla haujaondoka, na utani wa Kihindi au wa Kikorea upate utani wa Kiunguja wa kusimama badala yake. Na wale wanaotafsiri papo kwa papo kwa kipaza sauti, ambao vibanda umiza vya bara na vya kwetu vimewalea, wasidharauliwe. Wao ndio waliobaki wakiifanya kazi ya shoga wa mama yangu. Waiteni, wafundisheni yale wasiyoyajua, na nyinyi mjifunze kwao namna ya kuushika ukumbi. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, huwa tunasikiliza hotuba juu ya kukua kwa lugha. Mwaka mmoja tuonyesheni picha ya Kihindi, au ya Kiajemi, au ya Kikorea, inayozungumza Kiswahili kizuri kwenye maandishi yake, Forodhani, watu wamekaa kwenye majani.

Haki za kuonyesha picha hulipiwa, nalijua hilo, na mtaa hauna pesa hizo. Lakini balozi ndogo za India, China na Oman ziko hapa hapa mjini, na zote husema zinataka urafiki wa watu kwa watu. Kaeni nazo. Waambieni: jioni mnayoifanya kwa kadi hotelini, ifanyeni mara ya pili kesho yake kiwanjani, bila kadi. Picha mnazo, vibali vya picha mnavyo, sisi tuna ukuta na watu. Oman, kuna maelfu wanaozungumza Kiswahili chetu majumbani mwao, na bibi zao walikaa kwenye viti vile vile vya Majestic. Sidhani kama wanahitaji kushawishiwa sana.

Kwa waandaaji wa tamasha letu kubwa la filamu, lililoanza mwaka 1998 na kujiita Tamasha la Nchi za Jahazi: nawashukuru kwa dhati. Nimepeleka watoto wa skuli kwenu, na wapo waliotoka pale wakisema watakuwa watengenezaji wa filamu. Jina mlilochagua lina deni ndani yake. Jahazi za kaskazi zilitoka Kachi na Gujarat, Ghuba na Uajemi, na zikarudi huko na kusi. Naomba picha za pwani hizo zipate siku yao ya mchana, mitaani, pamoja na wazee waliozijua, si kwa wataalamu peke yao. Mzee aliyechora mabango akae mbele aulizwe maswali na vijana wanaochora kwa kompyuta.

Kibali nacho kiwe na mlango wa mtaa. Onyesho lisilo na kiingilio, chini ya watu 200, kwa picha iliyokwisha pitishwa na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, lisajiliwe kwa sheha kwa karatasi moja bila ada. Sioni linalovunjika hapo. Ukaguzi unabaki mikononi mwenu, usalama unabaki kwa sheha anayetujua kwa majina, na kina mama hawatahitaji kwenda mara sita kuomba ruhusa ya kutundika shuka.

Na kabla ya yote haya, kwa sababu halihitaji bajeti wala mkandarasi, tumeni vijana wawili wenye kinasa sauti wazunguke Malindi, Vuga, Kikwajuni na Michenzani wawahoji wazee wa sinema. Mabango yamo chini ya magodoro. Tiketi zimo ndani ya misahafu, zimetumika kuwekea alama. Mimi mwenyewe ninayo gauni moja aliyoishona mama yenye mikono ya Nargis, na nitaitoa siku itakapopatikana kabati ya kuiwekea.

Yule mhudumu wa hotelini nilimtafuta. Anakaa Jang'ombe. Nimemwambia kwamba Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, baada ya sala ya isha, uani kwangu pana picha, na kwamba yeye hatasimama. Alikuja mwezi uliopita na mkewe na mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na kitu, akabebwa kwenye kiti mpaka mbele. Uani pamejaa sasa. Mwezi ujao wengine watakaa njiani.

Majina ya majirani waliotia saini ombi hili yamo kwenye daftari la skuli, na nitalileta mwenyewe Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitasubiri kwenye benchi mpaka nipate wa kunipokelea.

Wenu mwananchi,
Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja